Aliyelemewa Tumshikie Sauti



Kule Filipi, Paulo na Sila waliimba usiku wa manane, wangali na majeraha ya viboko, miguu imefungwa kwenye mkatale. Hawakungoja milango ifunguke ndipo waimbe.

Makanisa yalipofungwa Machi 2020, daftari langu la mahudhurio lilibaki tupu. Jioni moja mwenzetu wa sauti ya pili, aliyekuwa amemzika mumewe mbele ya watu wachache tu, alinipigia simu: “Mwalimu, nianzishie wimbo.” Nilianza, nikazidiwa na kilio. Yeye ndiye aliyeumaliza.

Kwa hiyo mwanakwaya akifiwa au akilazwa, tusimwambie tu ajikaze. Twende tukamwimbie. Asipoweza kuimba, tumshikie sauti yake mpaka aweze.