Moshi Inaishia Wapi?



Nimetakiwa niseme machache juu ya mji wetu. Asubuhi hii nimewaomba vijana wa Kidato cha Tatu wanitajie majiji ya Tanzania Bara. Wameyataja bila kusita: Dar es Salaam, Mwanza, Arusha, Mbeya, Tanga na Dodoma. Nilipouliza, "Na Moshi je?" walicheka. Kwao Moshi ni stendi ya kushukia mtu anapokwenda nyumbani Desemba.

Siwalaumu. Hata huko ng'ambo watu wanaujua mlima, mji hawaujui. Lakini tutazame hesabu. Katika sensa ya mwaka 2022 Jiji la Tanga lilikuwa na watu wapatao 390,000. Manispaa ya Moshi ilikuwa na zaidi ya 220,000 tu. Wilaya ya Moshi inayoizunguka, ambayo kwa mazoea tunaiita Moshi Vijijini, ilikuwa na zaidi ya 530,000. Ni kweli wengine wao ni wakulima wa tambarare walio mbali na mji. Hata hivyo, ukiwaondoa hao, bado wanabaki watu wengi mno kuitwa wanavijiji.

Sababu ni mpaka. Eneo la Manispaa halifiki kilometa za mraba 60. Nenda Pasua, kisha endelea kusini hadi Mabogini. Nyumba hazikatiki, daladala ni zile zile, lakini umekwisha kuingia wilaya nyingine. Mtu wa Mabogini anafanya kazi mjini, ananunua mjini, na watoto wake huenda wanasoma mjini. Kwenye takwimu anaandikwa mtu wa Wilaya ya Moshi. (Shanty Town, ambako wanakaa wenye nafasi zao, iko ndani ya mpaka. Majina nayo yana utani wake.)

Huko juu mambo ni makubwa zaidi. Kutoka Machame, kupitia Kibosho, Uru, Old Moshi na Kirua hadi Marangu, ni kihamba kwa kihamba, nyumba chini ya migomba. Mabonde ya mito yamekata miteremko hata barabara nyingi zinapanda peke yake, kila moja kwenye mgongo wake. Mtu wa Kibosho akitaka kwenda Uru kwa gari, mara nyingi hushuka kwanza Moshi, ndipo apande tena. Milima ile ni vidole, na mji ni kiganja. Ndizi zinashuka Mbuyuni, mitumba inapanda kutoka Kiborloni, wagonjwa wanashuka KCMC tangu ilipofunguliwa mwaka 1971.

Mtaalamu wa jiografia Terry McGee aliona jambo la namna hii huko Asia, akaliita kwa maneno mawili ya Kiindonesia, desakota: desa ni kijiji, kota ni mji. Ni mahali ambapo kilimo na mambo ya mjini vinakaa pamoja katika eneo moja. Nilipokutana na neno hilo nilijua mara moja linahusu wapi.

Mji wenyewe ulitoka mlimani. Moshi ya kwanza ni ile ya juu, Old Moshi. Reli kutoka Tanga ilipofika huku chini mwaka 1911, jina likaifuata reli. Sasa mji unapanda kurudi ulikotoka, ila unapanda bila ramani. Kihamba kilichotosha kaya moja kimegawiwa watoto, wakagawa wajukuu, na leo migomba inang'olewa ipatikane nafasi ya msingi wa nyumba. Mifereji ya wazee inazibwa kwa kifusi. Maji tunayokunywa mjini yanatoka kwenye chemchemi za miteremko hiyo hiyo. Anayetoa kibali cha ujenzi juu si yule anayegawa maji chini, na mimi niliyekaa ofisini miaka mingi najua barua kati ya ofisi mbili inavyoweza kuchelewa.

Wako wanaodai Moshi ipewe hadhi ya jiji. Sina ugomvi nao, lakini bango jipya barabarani halitazuia choo kuchimbwa karibu na chemchemi. Ningependa kwanza Manispaa na Wilaya ziwe na ramani moja ya matumizi ya ardhi, kuanzia mpunga wa Mabogini hadi mpaka wa msitu, na kihamba kitambuliwe humo kama sehemu halali ya mji, kisihesabiwe kuwa kiwanja kinachosubiri kujengwa.

Ramani hiyo inahitaji watu wanaozijua chemchemi na mifereji kwa majina, na wengi wao ni bibi na babu zenu. Ndugu Mkuu wa Shule, naomba Klabu ya Jiografia ianze kuwauliza likizo hii. Daftari nitazileta mimi.