SHINGO ILIYOPINDA SI UGONJWA MMOJA
(Maneno ya mwanachama wa karakana katika mkutano wa tawi)



Nilipoomba nafasi niseme juu ya shingo, wengine mlicheka. Lakini mwenzetu mmoja wa gengi la njia ya reli shingo yake ilianza kupinda polepole, kichwa kikivutwa upande na kutikisika. Tukasema amerogwa, nyapara akamwandika kuwa mvivu. Akaacha kazi kwa aibu. Kumbe alikuwa mgonjwa. Basi leo na tujue.

Kwanza, ile ya kuamka nayo asubuhi, au baada ya kuinua mzigo vibaya. Huo ni msuli uliokaza. Huuma sana, lakini kwa kawaida hupungua kwa siku chache. Weka kitambaa cha moto, geuza shingo taratibu. Usikubali mtu akupinde shingo mpaka ilie!

Pili, ya mtoto mchanga. Msuli wa upande mmoja ni mfupi: kichwa huinama upande huo, kidevu huelekea upande wa pili. Mpelekeni kliniki mapema, mzazi afundishwe kuunyosha. Wengi hupona bila kupasuliwa.

Tatu, ya dawa. Baadhi ya dawa za kuzuia kutapika, na baadhi ya dawa za wagonjwa wa akili, huweza kukaza shingo ghafula baada ya saa au siku chache. Nenda hospitali upesi na pakiti ya dawa mkononi. Iko sindano ya kuilegeza.

Nne, kama ya mwenzetu. Huwapata hasa watu wazima, kwa kuwa ubongo huipa misuli amri mbovu. Akigusa kidevu kwa kidole, kichwa hutulia kidogo. Ndiyo sababu tulidhani anajifanya. Haiondoki kwa urahisi, lakini sindano ya botulini, inayorudiwa kila miezi 3 hivi, huwasaidia wengi.

Shingo ikipinda pamoja na homa, taabu ya kumeza, au ganzi ya mikono, msingoje kesho: hospitali. Na aliyeanguka, msimgeuze shingo.

Ukiumia kazini, toa habari mara moja. Sheria ya mwaka 2007 ya fidia kwa wanaoumia kazini yamtaka mwajiri kupeleka ripoti serikalini katika siku 7 tangu aarifiwe.

Ndugu zangu, kabla ya kumcheka mwenzako, muulize: ilianzaje? Yule wetu hakuulizwa na mtu.