Aliyeshika na Aliyechoma

Msikilizaji, tuseme watu wawili wamemvizia mwenye duka usiku. Mmoja anambana mikono kwa nyuma, mwenzake anachoma kisu. Nani muuaji? Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, kifungu cha 23, inajibu: wakiwa na nia moja ovu, na kifo kikawa jambo la kutarajiwa katika kuitimiza, wote wawili. Na adhabu ya mauaji ya kukusudia ni kifo.

Suala hili linakuhusu vipi? Kijana wako anaweza kuwa mtu wa tatu, aliyebaki nje na bodaboda ikiunguruma, akidhani wenzake wanaiba tu.

Ndugu wa marehemu watasema: bila wa kumshika, kisu kisingemfikia. Hapo nawaunga mkono kabisa. Lakini kwa upande wa pili, yule wa nje? Uingereza, mwaka 2016, katika kesi ya Jogee, Mahakama ya Juu ilikiri kuwa sheria yao kuhusu washirika wa uhalifu ilipotoka tangu 1984: kuhisi kwamba mwenzako huenda akaua ni ushahidi wa nia, si nia yenyewe.

Sasa nakuuliza, msikilizaji: mwenye bodaboda apimwe kwa alichokusudia, au kwa alichopaswa kukitarajia?