Mwanafunzi wa Udaktari Kitandani kwa Mgonjwa
(Hotuba ya mama daktari mbele ya wanachama, Kampala)



Niliombwa nizungumze juu ya masomo ya udaktari kwa jumla, lakini niwieni radhi nikichagua sehemu moja tu, nayo ni ile miaka ambayo kijana huondoka darasani akaanza kuzunguka wodini. Naichagua kwa kuwa ndiyo iletayo ugomvi majumbani mwetu. Mzazi mmoja wa mtaani kwetu alinijia akilalamika kuwa binti yake hasomi tena, kazi yake ni kukesha katika wodi ya wazazi, akataka nimsaidie kumhamisha.

Hapa Uganda masomo hayo ni ya miaka mitano. Miwili ya mwanzo ni ya kujua mwili ulivyoumbwa na unavyofanya kazi. Mitatu inayofuata hupita zaidi hospitalini. Mwanafunzi hupewa zamu ya wiki kadhaa katika maradhi ya ndani, kisha upasuaji, kisha watoto, kisha uzazi na maradhi ya wanawake, na haruhusiwi kuruka hata moja. Aliyekwisha kuazimia kuwa daktari wa macho naye hana budi kuzalisha. Baadaye hupata zamu ya hiari, achague mwenyewe, kama ni ngozi, au nusukaputi, au hospitali ya nchi nyingine. Chuo cha Makerere, tangu mwaka 2003, huwapeleka pia kukaa na kujifunza katika vituo vya afya vya mashambani. Akishafaulu, bado ana mwaka mmoja wa kutibu chini ya macho ya wakubwa wake.

Huulizwa: mpasuaji ana haja gani na wodi ya watoto? Jibu liko hapa hapa mjini kwetu. Mwaka 1957, katika Hospitali ya Mulago, Dakta Hugh Trowell, mganga wa maradhi ya ndani, alimwita mpasuaji Denis Burkitt aje wodi ya watoto amtazame mtoto aliyevimba taya pande zote mbili, juu na chini. Burkitt hakuujua ugonjwa ule. Wiki chache baadaye, akiwa katika hospitali ya Jinja, akamwona mtoto mwingine wa namna ile ile. Akampima mwili mzima, akakuta uvimbe tumboni pia. Akarudi Mulago akafukua madaftari ya wagonjwa. Hapo ndipo alipotambua kuwa uvimbe ulioandikwa huku kuwa wa taya, na kule kuwa wa figo au wa tumbo, ulikuwa saratani moja. Aliandika habari zake mwaka 1958, na leo saratani hiyo yaitwa kwa jina lake duniani kote, na watoto wengi huponywa kwa dawa. Kila wodi ilikuwa imeona kipande chake. Alihitajika mtu wa kutembea kutoka wodi hata wodi.

Wala desturi hii si ngeni kwa Waislamu. Bimaristani ya Nuri, iliyojengwa Damaski mwaka 1154, ilikuwa hospitali na skuli pamoja. Lakini sitaki tulale juu ya sifa za wazee wetu.

Liko lalamiko jingine, nalo nalikubali kwa sehemu kubwa. Wagonjwa husema, "Wanajifunzia juu ya miili yetu." Mimi mwenyewe, nilipokuwa mwanafunzi, nilikiendea kitanda cha bibi mmoja mzee, nikafunua shuka nikaanza kumbonyeza tumbo. Akaushika mkono wangu akaniambia taratibu, "Mwanangu, hujanisalimia." Niliona haya mpaka jasho likanitoka. Nilimwomba radhi, nikaanza upya kwa salamu na jina langu, naye akanieleza maumivu yake kwa utaratibu ambao sijaukuta kitabuni. Basi jueni kuwa ni haki yenu kuambiwa kuwa huyu ni mwanafunzi, na ni haki yenu kukataa, wala matibabu yenu hayapungui kwa kukataa. Lakini nawasihi msikatae daima.

Nasema hivi hasa kwa kina baba. Mke wako akishikwa na uchungu saa nane za usiku, wewe ndiwe wa kwanza kuuliza kama hakuna daktari mwanamke. Atatoka wapi, ikiwa kila binti huondolewa wodini jua likichwa? Mimba haingoji mchana, na mkono hauwezi kujifunza kumgeuza mtoto kwa kusoma. Chuo Kikuu cha Kiislamu kina skuli ya udaktari huko Kibuli, pamoja na hospitali ya Waislamu. Mabinti wetu wamo humo, na wengine wako Mulago.

Mzazi yule hakumhamisha binti yake. Siku hizi humfikisha mwenyewe mpaka langoni, akamngoja asubuhi. Lakini si kila mzazi ana gari, na khofu ya njiani usiku ni khofu ya kweli. Kwa hiyo naomba chama kifikiri juu ya mambo mawili: gari letu, ambalo usiku halina kazi, liwachukue wanafunzi wa zamu, na vile vyumba viwili vya nyuma ya ofisi, vinavyowekwa viti vibovu, vifanywe malazi ya mabinti watokao mbali. Bwana Karani ana daftari mlangoni kwa wenye kutaka kusaidia.

Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.