Zamani Tunazozitamani

Maneno yaliyosemwa mbele ya Wakristu, siku ya kufungua yubile ya parokia



Baba Paroko, Mapadri, Masista, wazee wetu, wamama, na ninyi vijana mliosimama kule nyuma kwa kukosa viti: kamati ya yubile ilinituma kwa wazee wa parokia nikusanye habari za zamani kwa ajili ya kitabu chetu. Nilipita nyumba kwa nyumba na daftari mkononi, na karibu kila mzee alianza kwa neno lile lile: «Zamani tuliishi vizuri.»

Walinisimulia habari za posho: unga, samaki, mafuta ya mawese, vyote vikipimwa kwa kadiri ya hesabu ya watoto. Walinisimulia habari za hospitali ambamo mama alizaa bila kudaiwa franka, na za shule ambamo mtoto aliingia pasipo baba yake kuuza kitu. Watu walisema wakati ule kwamba kazi ndiyo baba, kazi ndiyo mama. Wazee hawa hawasemi uwongo. Posho ile ilidumu hata nyuma ya uhuru, na mimi mwenyewe nimekulia unga wake.

Lakini inafaa tuulize ilitoka wapi. Union Minière ilianzishwa mwaka 1906. Katika miaka ya kwanza wafanyakazi waliletwa kutoka mbali, wakalazwa katika kambi mbaya, na wengi walikufa kwa magonjwa; wengine walitoroka usiku. Kumleta mtu mpya kutoka Kasai au kutoka Rwanda na Burundi kulikuwa na gharama kubwa. Kwa sababu hiyo, kuanzia mwaka 1928 hivi, kampuni iliona kwamba ni afadhali mtu awe na mke, nyumba na watoto, ili adumu kazini na asifikiri kurudi kwao. Maziwa ya mtoto yaliandikwa katika hesabu moja na mafuta ya mashine. Shule zilikabidhiwa misioni, na mtoto alifundishwa kusoma, kusali, na kushika siku moja kazi ya baba yake. Nasema hivi bila kuwadharau wamisionari waliozikwa katika udongo wetu. Wengi wao walitupenda kweli. Ila upendo wao uliishi ndani ya nyumba iliyojengwa na mwingine kwa shauri lake.

Na habari za fimbo? Hizo hakuna aliyenipa mpaka nilipoziuliza. Mzee mmoja alicheka, akasema: «Ah, ile! Ile ilikuwa sheria.» Kisha akarudi kwenye habari za mpira. Mzee huyu anapenda sana mpira, na anaweza kukutajia wachezaji wa mbele ya uhuru mmoja mmoja. Basi nilimwuliza juu ya uwanja wa mpira wa Élisabethville, mwezi wa Desemba 1941. Ilikuwa wakati wa vita, vitu vilikuwa ghali, na wafanyakazi waligoma kwa ajili ya mshahara, hapa Jadotville kama kule Élisabethville. Tarehe 9 Desemba askari waliwapiga risasi katika uwanja ule. Msemaji wao, Léonard Mpoyi, aliuawa pamoja na makumi ya wenzake. Mzee alinyamaza kitambo. Halafu akasema: «Baba yangu hakuturuhusu kulitaja.»

Wengi wenu mnakumbuka picha zile zilizochorwa kwa rangi na kuuzwa njiani katika miaka ya 1970, zilizoitwa «Colonie belge». Mfungwa amelala chini, bendera ya Ubelgiji iko juu, Mzungu anasimama na kiko chake mdomoni, na askari Mwafrika ndiye anayeinua fimbo. Watu walizitundika katika chumba cha wageni, juu ya viti vizuri, na waliziita ukumbusho. Mtu yule yule aliyesema jioni kwamba zamani tuliishi vizuri alikuwa amenunua picha ile kwa mshahara wake. Kwa hiyo sikubali kwamba wazee wamesahau. Wanapozisifu zamani, mara nyingi wanahukumu siku za leo: bomba lisilo na maji, hospitali inayomzuia mama na mtoto wake mpaka alipe. Ni sisi wasikilizaji tunaochukua nusu ya maneno yao na kuiita historia.

Sisi Wakristu tunayo nusu yetu tuliyoiacha. Wakati wa ukoloni, watoto wengi waliozaliwa na baba Mzungu na mama Mwafrika waliondolewa kwa mama zao kwa amri ya serikali, wakapelekwa katika misioni. Maaskofu wa Ubelgiji waliomba msamaha mwaka 2017. Mwezi wa Desemba 2024, korti ya rufani ya Brussels iliihukumu serikali ya Ubelgiji kwa ajili ya wanawake watano waliochukuliwa hivyo wakiwa wadogo na kuwekwa katika misioni ya Katende, Kasai. Korti ilisema ni kosa juu ya ubinadamu. Sista mwema alimfundisha mtoto yule kushona, na mtoto yule alilia usiku akimwita mama yake. Yote mawili ni kweli.

Sasa nafika pale ambapo ningependa kunyamaza. Katika karatasi za parokia nilikuta picha ya kwaya yetu ya mwaka 1988. Ni nzuri sana, na kamati imetaka iwekwe mwanzoni mwa kitabu, na maneno haya chini yake: «Zamani tulikuwa jamaa moja.» Nimeitazama usiku mwingi. Mwaka 1992 na 1993 ndugu zetu wenye asili ya Kasai walifukuzwa katika miji yetu. Maelfu yao walilala katika stesheni ya treni hapa Likasi na kule Kolwezi, miezi na miezi, na watoto walikufa pale na njiani. Siku zile hapakuwa na Mzungu mwenye kiko. Kati yetu wako waliowaficha majirani chini ya vitanda, na wako waliong'oa milango ya majirani. Mimi sikung'oa mlango wa mtu. Nilinunua kabati ya jirani yangu, mwimbaji wa sauti ya nne, kwa bei ambayo ingetosha mikate michache, kwa sababu alipaswa kuondoka asubuhi ile. Alinishukuru. Kabati ile iko nyumbani kwangu hata leo, na nguo zangu za Misa zimo ndani yake.

Nimeiomba kamati ifute maneno yale chini ya picha, na pahali pake tuandike majina ya waimbaji wote, pamoja na mwaka ambao kila mmoja aliondoka kwetu. Kamati imekubali, si bila ubishi. Mpaka sasa nimepata majina kumi na tisa kati ya thelathini na mmoja. Picha iko juu ya meza karibu na mlango wa sakristia, na kalamu iko kando yake. Anayemtambua mtu aandike jina lake kabla ya Dominika, maana siku ya pili yake karatasi zitapelekwa kupigwa chapa.