Habari Tuliyoisoma kwa Haraka

Kila Sikukuu ya Mashujaa wakubwa wetu hutajwa vya kutosha, nami sina la kuwaongezea. Leo ningependa tumkumbuke msichana aliyezaliwa tarehe 23 Oktoba, siku tatu tu baada ya sikukuu hiyo, katika mwaka wa 1995. Tarehe hiyo hiyo ya mwaka 2021, siku ambayo angetimiza miaka 26, ndiyo aliyozikwa nyumbani kwao Nandi.

Mtaje Agnes Jebet Tirop ndani ya matatu na abiria wote watamkumbuka. "Si ni yule aliyeuawa kule Iten?" Naam, ndiye. Sasa uliza tena: alikimbia mbio gani? Hapo utasikia kimya, au mtu mmoja atakujibu kwa kukisia kwamba ni marathoni. Marathoni haikuwa mbio yake. Twajua sana alivyokufa, lakini alivyokimbia hatukujua, na katika jambo hilo sisi watangazaji tuna lawama yetu, nitakayoieleza.

Kwanza hebu tuseme alikuwa nani. Wakimbiaji wengi huwa na uwanda wao. Yuko anayependa nyika, kwenye nyasi na vilima, mahali ambapo mguu haujui utakanyaga nini. Yuko wa uwanjani, mwenye subira ya kuzunguka mara 25 bila kupoteza hesabu wala akili. Yuko wa lami, ambayo ni ngumu na huadhibu magoti. Agnes alikuwa wa kote, na hilo ndilo jambo la ajabu.

Katika nyika alianza kuonekana akiwa chipukizi. Mwaka 2013, kule Bydgoszcz, Poland, alichukua nishani ya fedha katika mbio za dunia za chipukizi. Aliyemshinda ni Mkenya mwenzake, Faith Kipyegon, ambaye sina haja ya kukueleza habari zake. Miaka miwili baadaye, tarehe 28 Machi 2015, alisimama Guiyang, China, pamoja na akina mama waliokomaa katika kazi hiyo. Yeye alikuwa na miaka 19. Alimaliza kilomita nane kwa dakika 26 na sekunde 1, Waethiopia Senbere Teferi na Netsanet Gudeta wakiwa nyuma yake. Katika historia ya mbio hizo za wanawake wakubwa, mshindi mwenye umri mdogo kuliko yeye alikuwa mmoja tu, Zola Budd, aliyeshinda 1985 akiwa na miaka 18.

Uwanjani alipata shaba ya mita 10,000 London mwaka 2017, nyuma ya Almaz Ayana na Tirunesh Dibaba, na nadhani kuwa wa tatu nyuma ya wawili hao si aibu hata kidogo. Shaba nyingine aliipata Doha mwaka 2019. Katika Olimpiki ya Tokyo, iliyofanyika 2021, alikuwa wa nne katika mita 5,000. Alikosa nishani kwa muda usiotimia sekunde moja. Kwetu sisi wa nne hana picha gazetini.

Halafu ikaja lami. Tarehe 12 Septemba 2021, katika mji wa Herzogenaurach, Ujerumani, alikimbia kilomita 10 kwa dakika 30 na sekunde 1. Rekodi ya dunia ya mbio za wanawake pekee ilikuwa imekaa tangu 2002, naye aliipunguza kwa sekunde 28. Kama wewe ni mkazi wa Nairobi, fikiria mwendo wa kutoka katikati ya jiji kuelekea Kasarani. Panda matatu saa kumi na moja jioni uone kama dakika 30 zitakufikisha.

Jioni ile zamu ya kusoma habari ilikuwa yangu. Riadha husomwa mwisho, baada ya kandanda na kabla ya hali ya hewa. Nilikuwa nimebakiwa na sekunde kama kumi. Nilisoma sentensi moja, jina la mji nikalitafuna kwa kuwa lilinishinda, nikaingia kwenye mvua za Magharibi. Mwezi mmoja baadaye, tarehe 13 Oktoba, Agnes alikutwa amekufa nyumbani kwake Iten, akiwa amechomwa kisu. Safari hii habari yake ilikuwa ya kwanza. Ilisomwa kila saa, nasi tukaongeza maoni ya wasikilizaji. Dakika ambazo hatukuwa nazo mwezi Septemba tulizipata zote.

Mtu aliyeshtakiwa kwa mauaji hayo alikana shtaka, na mwaka 2023 aliachiliwa kwa dhamana. Hayo ni ya mahakama nami si hakimu. Lakini wanariadha wenyewe walianza kusema waziwazi mambo waliyokuwa wakinong'onezana kambini. Msichana agunduliwapo akiwa shuleni, hutokea mwanamume wa kumfundisha. Mwalimu hugeuka meneja, meneja hugeuka mume, na shamba lililonunuliwa kwa fedha za mbio za Ulaya huandikwa jina la bwana. Akitaka kujua fedha zake ziko wapi, ndipo ugomvi huanza. Sisemi kwamba yote hayo yalikuwa ya Agnes. Nasema ni wengi waliojitokeza kusema, "Hata mimi." Wala si kwamba sheria haikuwapo: Sheria ya Mali ya Ndoa ni ya 2013, na ile ya kuwakinga watu na dhuluma za nyumbani ni ya 2015.

Wenzake hawakukaa kulia tu. Viola Cheptoo na Joan Chelimo ni miongoni mwa walioanzisha chama cha Tirop's Angels, cha kuwasikiliza na kuwasaidia wanaoteswa majumbani. Huyo Viola, wiki mbili tu baada ya mazishi, alikuwa wa pili katika marathoni ya New York. Hata hivyo mwezi Aprili 2022 Damaris Muthee alikutwa amekufa papo hapo Iten. Septemba 2024 Rebecca Cheptegei wa Uganda, aliyekuwa ametoka tu kukimbia Olimpiki ya Paris, alimwagiwa petroli na kuchomwa moto nyumbani kwake Trans Nzoia. Alifariki hospitalini Eldoret.

Msikilizaji, muda wangu unakwisha, nao wa leo nimejipangia mwenyewe. Ile sentensi ya Septemba 2021 naomba niisome upya, polepole, kama ilivyostahili kusomwa.

Mkenya Agnes Tirop, mwenye umri wa miaka 25, leo amevunja rekodi ya dunia ya kilomita 10 kwa wanawake pekee, katika mji wa Herzogenaurach, Ujerumani. Tirop, bingwa wa dunia wa mbio za nyika wa mwaka 2015 na mshindi wa nishani mbili za shaba za dunia, ametumia dakika 30 na sekunde 1. Rekodi hiyo ilikuwa imedumu kwa miaka 19.