Mzigo Mmoja, Majina Matano: Kufundisha Maneno ya Kiingereza Yanayokaribiana Maana



Nimepewa mada ya maneno ya kawaida ya Kiingereza ambayo maana zake zinakaribiana, na ambayo wanafunzi wetu wa hapa Mikese huyachanganya. Kwa desturi mada ya namna hii hujazwa orodha: "big" na "large", "begin" na "start", "small" na "little". Naomba niziache. Mwanafunzi aliyeandika "big" mahali pa "large" ameeleweka na hajaharibu kitu, na dakika tunazotumia kumsahihisha tunazipora kwenye makosa yanayomgharimu kweli.

Makosa yanayogharimu yana chanzo kinachoonekana. Hutokea pale ambapo neno moja la Kiswahili linabeba kazi ambayo Kiingereza kimeigawa kwa maneno mawili au zaidi. Mwalimu anayepajua mahali hapo hulitabiri kosa kabla halijaandikwa, na sisi tunaozungumza Kiswahili na watoto hawa tangu asubuhi tuna nafasi nzuri ya kupajua kuliko mtunzi yeyote wa kitabu aliyeko Uingereza.

Chukueni kitenzi "kuazima". Mtu anasema, "Nimeazima jembe kwa jirani," na jembe limekuja kwake. Mwingine anasema, "Niazime jembe lako," na hapo anayeambiwa aazime ndiye mwenye jembe. Kitenzi ni kilekile, jembe linakwenda pande mbili, na hakuna Mswahili anayebabaika kwa sababu viambishi vimeshatuonyesha nani anapewa. Sasa mtoto huyu anafundishwa kwamba "borrow" ni kuazima. Akiihitaji kalamu ya mwenzake atasema nini? Atasema "borrow me your pen", na kwa mantiki ya lugha yake yuko sawa kabisa. Kumwandikia ubaoni kwamba "borrow" ni kuazima na "lend" ni kuazimisha kunasaidia kidogo, maana nyumbani kwao hakuna anayesema "niazimishe". Kinachosaidia ni kumuuliza kitu kinaelekea wapi. Kikija kwa anayetajwa mwanzoni mwa sentensi ni "borrow", nacho hufuatana na "from". Kikitoka kwake ni "lend", nacho huweza kufuatana na "to". Kwenye fedha hawahangaiki sana, kwa kuwa tunao "kopa" na "kopesha", na mtoto wa Darasa la Tano anajua tofauti ya anayedai na anayedaiwa. Anzeni na mkopo, kalamu ifuate.

Msiwaache wadhani kwamba Kiingereza ndicho chenye macho makali siku zote. Sisi tuna "kupanga" na "kupangisha". Mwingereza ana "rent", na anaitumia kwa mpangaji na kwa mwenye nyumba vilevile, ingawa kwa mwenye nyumba anacho pia "let". Sisi tuna mpunga shambani, mchele sokoni na wali sahanini, yeye ana "rice" kuanzia shambani mpaka sahanini, na akitaka kutofautisha hulazimika kuongeza maneno. Nimeona darasa likichangamka likigundua jambo hili. Mtoto anayeamini kwamba lugha ngeni ni bora kuliko yake hujifunza kwa woga.

Mikese ina vifaa vya kufundishia ambavyo shule nyingi hazina. Tuna barabara kuu ya Dar es Salaam na Morogoro, tuna reli ya kati ambayo Wajerumani waliifikisha Morogoro mwaka 1907, na tuna mizani ya magari. Tulitumie basi neno "mzigo". Kiswahili kinayo "shehena", "furushi" na "bidhaa", lakini barabarani vyote huitwa mzigo. Lori limebeba mzigo, abiria ana mzigo kwenye buti la basi, kondakta amekabidhiwa mzigo wa mtu aupeleke Kariakoo, na mwenye duka anawatangazia wateja kwamba mzigo mpya umeingia. Kwa Kiingereza, mzigo wa lori ni "load" au "cargo", wa abiria ni "luggage", aliokabidhiwa kondakta ni "parcel", na wa dukani ni "stock". Kati ya "load" na "cargo" tofauti ni hii: "load" ni chochote kinachobebwa kwa wakati huo, hata kuni kichwani kwa mama, ila "cargo" ni mali ya biashara inayosafirishwa kwa meli, ndege, treni au lori. Kuni za mama haziwi "cargo". "Luggage" nayo haikubali wingi, kwa hiyo "luggages" tuifute kila tunapoiona. Ipo pia "burden", lakini siku hizi hiyo hutumika zaidi kwa madeni na majukumu kuliko kwa magunia.

Hapohapo mizani kuna kitenzi "kupima", nacho ni kipana kuliko tunavyofikiri. Tunapima lori, tunapima kitambaa, tunapima damu, tunapima shamba. Kiingereza kinataka "weigh" kwa uzito, "measure" kwa urefu na ukubwa, "test" kwa damu, na "survey" kwa shamba linalotafutiwa hati. Mwanafunzi akiandika kwamba daktari "measured my blood", msomaji atajiuliza ni lita ngapi. Tena "weigh" ina tabia ya kutazama pande mbili: afisa wa mizani "weighs the lorry", na lori lenyewe "weighs 50 tonnes". Katika sentensi ya kwanza mtu anapima, katika ya pili kitu kina uzito. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 imeweka ukomo wa tani 56 kwa gari kubwa kabisa pamoja na mzigo wake. Mpeni kila mwanafunzi namba hiyo atunge sentensi mbili, moja kwa kila upande.

"Kuleta" na "kupeleka" hazina matatizo, zinaingia moja kwa moja kwenye "bring" na "take". Angalieni tu kwamba "take" imemeza pia "kuchukua". Kwa "fetch" tunayo tafsiri ambayo vitabu vingi vimeisahau: "kalete". Kile kiambishi "ka" kinachomwambia mtoto aende kisha arudi na kitu ndicho "fetch" yenyewe.

Milango ya fahamu nayo ina mtego wake. Tofauti ya "hear" na "listen" watoto wanayo tayari, kwa kuwa kusikia si kusikiliza, na kila mwalimu ameshalisema hilo kwa ukali. Mtego uko kwenye "kusikia" peke yake. Tunasikia sauti, tunasikia harufu, tunasikia baridi, tunasikia njaa. Ndiyo maana madaftari yana "I hear cold" na "I heard a bad smell". Hapa "hear" ibaki na masikio, baridi ichukue "feel", harufu ichukue "smell". Neno "kuangalia" ni hivyohivyo: tunaangalia picha, tunaangalia mpira, na tunaangalia watoto mama akiwa sokoni. Hizo ni "look at", "watch" na "look after", kwa mfuatano huo. "Watch" ina muda ndani yake. Kinachotazamwa kinatembea au kinabadilika.

Kuna jambo moja ambalo sioni sababu ya kulikata kwa kalamu nyekundu. Mtu akijikwaa mbele yetu tunasema "pole", na tukiongea Kiingereza tunasema "sorry". Mgeni kutoka Uingereza hushangaa, maana kwake neno hilo lina harufu ya kuomba radhi, na wewe hukumkwaza. Lakini Afrika Mashariki nzima inasema hivyo, na Nigeria vilevile. Mwambieni mwanafunzi mgeni atakavyolisikia, kisha mwacheni aendelee kuwapa watu pole.

Nimeweka mwisho kundi ambalo kwangu ni zito kuliko yote. Tangu 1967 mtoto wa shule ya msingi ya serikali anafundishwa kwa Kiswahili. Akiingia Kidato cha Kwanza anakutana na maswali ya jiografia, baiolojia na historia yaliyoandikwa kwa Kiingereza, na mengi yanaanza na amri: "mention", "state", "describe", "explain". Mbili za mwanzo zinataka jibu fupi, kutaja tu. Balaa liko kwenye "describe" na "explain", kwa sababu zote mbili amezizoea kwa neno "eleza". Anaandika ukurasa mzima wa mambo ya kweli anapata sifuri, naye anadhani hajui jiografia.

"Describe" inauliza kitu kikoje, "explain" inauliza kwa nini kiko hivyo. Milima ya Uluguru inatutosha kwa somo hili. "Describe the Uluguru Mountains" inataka umbo lake na mahali ilipo: ipo kusini mwa mji wa Morogoro, kilele cha Kimhandu kinapita mita 2,600, juu kuna msitu, chini mashamba, na maji yake yanaingia Mto Ruvu unaohudumia Dar es Salaam. Ukiulizwa "explain why the eastern slopes receive more rain", hakuna hata kimoja kati ya hivyo kitakachokupa alama kikisimama peke yake. Lazima useme kwamba pepo kutoka Bahari ya Hindi zinakuja na unyevu, zinagonga upande wa mashariki, zinapanda, zinapoa, mvua inanyesha huko, na upande wa magharibi unapata hewa iliyokwisha kukauka.

Baada ya chai tutagawanyika makundi manne. Kila kundi lipewe walimu wa sayansi na wa jiografia pamoja na wale wa Kiingereza, maana amri hizi ziko kwenye mitihani yao pia. Kila kundi lichague kitu kimoja kilichopo Mikese, iwe stesheni, mizani au soko, litunge swali la "describe" na la "explain" juu ya kitu hichohicho, kisha liandike majibu mawili ambayo hayawezi kubadilishana nafasi.